Vimulimuli vya Baba Mdogo Zakaria

Kitu cha kwanza kabisa ninachokikumbuka katika dunia hii ni chungwa. Baba alinipeleka Makambako kuiona treni, maana kijijini kwetu, mbele kidogo ya kule Yakobi, watoto wote walikuwa wanaisikia tu kwa watu, na yeye alitaka wa kwake awe ameiona kwa macho. Tulipanda lori la mbao alfajiri, baridi ikanikamata masikio mpaka nikadhani yamebaki njiani. Pale stesheni kulikuwa na mwanamume mwenye baraghashia amekaa juu ya magunia yake. Aliponiona natetemeka akanipa chungwa. Kwetu juu machungwa hayaoti, sikuwa nimewahi kulishika hata moja. Nikaliuma na ganda lake. Midomo ikawasha, machozi yakanitoka, na yule mtu akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mzee, binti yako anakula na ukuta wa nyumba!" alimwambia baba.

Akanimenyea vizuri kwa kisu. Treni ikaja, ikapiga honi, ikasimama, ikaondoka. Baba akauliza, "Umeiona, Eliza?" Nikajibu nimeiona. Wala sikuiona. Nilikuwa naangalia jinsi maji ya chungwa yanavyoteremka mpaka kwenye kiwiko. Nimekuja kuishi Makambako ukubwani, nimezalia watoto hapa, nimepata wajukuu hapa, treni inanipigia kelele kila siku, na bado nikisikia honi yake mate yananijaa mdomoni.

Basi yule mtu wa chungwa ndiye Bwana Shabani. Alikuwa Mwislamu wa kutoka huko Kondoa, mwenye lori moja bovu na maneno mengi mazuri. Mimi nilipokuwa nanyonya vidole, yeye na baba walikuwa wameshaanza kuzungumza habari za viazi. Ilikuwa miaka ile biashara ilipokuwa ruksa, nyie wa umri wangu mnaikumbuka. Zamani mazao yalikuwa na njia moja tu ya kupita, ukipeleka kwingine wewe mhalifu. Ghafla mwenye lori anakuja mpaka mlangoni kwako, anaonja kiazi chako kilichochemshwa, anasema, "Hiki kinatakiwa Dar." Mimi shule niliishia darasa la nne, siasa sizijui, lakini najua mwaka ule mama alinunua sabuni mche mzima badala ya kipande, na sote tulikwenda kanisani tunanuka kama duka.

Sasa nieleze bonde letu, bila hilo hamtaelewa kitu. Nyumba zilikuwa juu kwenye mgongo wa kilima. Chini kulikuwa na chemchemi, na kuanzia pale bonde lote lilikuwa na unyevu hata kiangazi. Huko ndiko tulikolima vinyungu, ndizo bustani zetu za bondeni, matuta marefu ya maharage, mboga na mahindi ya kuchoma wakati juu kumekauka. Lakini kipande kimoja, kile kinachopakana na chemchemi, hakikulimwa. Kilikuwa na mianzi iliyosongamana, majani yaliyooza juu ya majani yaliyooza, ukikanyaga mguu unazama na kutoa harufu ya chungu kipya. Hapo palikuwa mahali pa baba mdogo Zakaria, mdogo wake baba. Babu aliwagawia hivyo: baba alipewa vinyungu, Zakaria akapewa mianzi.

Baba mdogo alikuwa mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Hakuoa. Alikuwa mrefu, kimya, na alivaa koti la mitumba la rangi ya zambarau lenye vifungo vikubwa kama visosi. Kila mtu alijua ni koti la kike isipokuwa yeye, au labda alijua.

"Zakaria, mama mwenye koti anapita anakutafuta," walimtania vijana.

"Akija mwambieni alete na sketi yake," alijibu. "Baridi ya miguuni inaniua."

Na mama yangu ndiye aliyemshonea vifungo vilipodondoka. Walikuwa wanataniana kama shemeji wanavyotaniana, kila siku, mama akimwita "mume wangu wa kambo" na yeye akimwambia, "Mke wangu, leo umeunguza ugali, nakurudishia kwa kaka." Nasema hili mapema ili msije mkafikiri mama yangu alikuwa na ubaya wowote na mtu huyu. Alimpenda sana.

Mvua zikianza, mianzi hutoa machipukizi, na mgema huyakata ncha na kufunga mbeta, kile kikombe cha mwanzi, ulanzi udondoke humo. Huenda asubuhi na huenda jioni. Jioni baba mdogo alinichukua nimbebee kibuyu, na hakuruhusu taa wala kijinga cha moto. Giza likianza kuingia, vimulimuli vilikuwa vinatoka chini, kwenye yale majani yaliyooza, vinapanda taratibu, kimoja, kingine, mpaka bonde zima linapepesa. Sijui nieleze vipi. Kulikuwa na wakati nilikuwa naliona shina la mwanzi, na fundo lake, na chungu wanaopanda juu yake, kwa mwanga wa wadudu tu. Halafu baba mdogo anashusha mbeta, anachungulia, anatoa kimulimuli kilichozama kwa ncha ya jani, anakiweka kwenye gome kikauke. Vingi vilikuwa vimeshakufa. Vingine vilibaki ndani na kwenda nyumbani na pombe.

Mimi nikaweka akilini mwangu kwamba ndiyo sababu ya ulevi. Niliamini kabisa kuwa mlevi ni mtu mwenye vimulimuli tumboni, ndiyo maana macho yake yanang'aa, ndiyo maana usiku hahitaji taa kurudi kwake, na akitapika ni mwanga unamtoka. Kulikuwa na mzee mmoja jirani, mlevi sana, nilikuwa nasimama mbele yake namkodolea tumbo jioni nikisubiri liwake. "Mtoto huyu ana nini na mimi?" aliuliza siku moja. Mama akanivuta sikio. Niliona aibu kumwambia mzee wa watu nasubiri uwake.

Lakini kazi yenyewe ya vimulimuli ilikuwa nyingine, na hiyo ilikuwa ya watu wazima. Mvua ya kwanza ya kwetu ni mwongo. Inanyesha leo, watu wanapanda mahindi, halafu jua linatoka wiki mbili na mbegu zinaokwa ardhini. Kwa hiyo ukoo wetu, na jirani zetu, walikuwa wakisubiri. Baba mdogo alikuwa anashuka bondeni kila jioni peke yake baada ya mvua ya kwanza. Jioni vimulimuli vinapotoka kwa wingi, anapanda mpaka uani kwetu, anasimama pale penye kinu, anasema, "Kamwene. Vimetoka." Basi. Salamu yetu na habari, hakuongeza neno. Lakini neno hilo lilikuwa linatembea nyumba kwa nyumba usiku huohuo, na asubuhi wanawake wote wako shambani na majembe na mbegu kiunoni. Mtu asiye na mke, asiye na mtoto, asiye na cheo hata cha kugawa sadaka kanisani, kwa jioni moja ya mwaka alikuwa anaamrisha kijiji. Nadhani mwaka mzima aliuishi kwa ajili ya jioni ile.

Viazi vya Bwana Shabani vikaja. Baba akang'oa mboga na maharage, akajaza vinyungu vyote viazi. Viazi vikapata ugonjwa wa majani, Bwana Shabani akaleta dawa na bomba la kubeba mgongoni. Ukungu wa dawa ulikuwa unaning'inia bondeni kama pumzi ya ng'ombe asubuhi. Konokono tuliowazoea kwenye matuta wakaanza kuonekana maganda matupu. Sisi watoto tulifurahi, maana kazi ya kuwaokota ilikuwa yetu. Na jioni, mwaka ule, vimulimuli vikatoka vichache. Mwaka uliofuata vikawa vya kuhesabu. Mimi nilijua sababu: walevi wamevimaliza. Nikawachukia walevi kwa moyo wote, hasa yule jirani.

Baba mdogo alisubiri mwaka ule mpaka mgongo ukamuuma. Alikuwa anakaa kwenye jiwe na koti lake la zambarau, mvua inamnyeshea, anaangalia chini. Siku moja jioni akapanda. Mimi nilikuwa natwanga na mama. Akasimama pale penye kinu.

"Kamwene. Vimetoka," alisema. "Si vingi, lakini vimetoka."

Mama akashusha mtwangio, akamtazama baba. Baba alikuwa anafunga kiatu chake, hakuinua kichwa.

"Zakaria, tumeshapanda," baba alisema. "Bwana shamba alisema tupande tangu Jumatatu. Redioni pia wamesema."

"Wote?"

"Wote."

Baba mdogo akasema, "Haya, ni vizuri," akaomba chumvi, ingawa chumvi alikuwa nayo, nilimpelekea mwenyewe juzi yake. Mama akampa. Mahindi ya mwaka ule yalistawi kuliko miaka yote, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Baada ya hapo vita vikaanza, lakini vita vya watu wapole, msitegemee panga. Bwana Shabani alikuja siku moja kupakia, akakaa uani kwetu anakula mahindi ya kuchoma, akasema bonde letu ni zuri ila pale kwenye mianzi panapotea bure. Ardhi nyeusi vile, karibu na maji vile! Baba akanyamaza, lakini nilimjua baba, kunyamaza kwake kulikuwa kuhesabu matuta. Baba mdogo alikuwepo. Sijawahi kumsikia akizungumza maneno mengi kama siku ile.

"Kaka, vinyungu vyote umepiga dawa, sijakuzuia. Hapo nakuomba uniachie. Na urefu wa kamba ya ng'ombe kuzunguka, usipulizie bomba. Hapo ndipo vinapotokea."

"Nini hicho?" aliuliza Bwana Shabani.

"Vimulimuli."

Bwana Shabani akaacha kutafuna. "Vinaliwa?"

"Haviliwi."

"Vinauzwa?"

"Nani anunue?"

"Basi ndugu yangu, mimi nauliza kwa nia njema tu, vinakusaidia nini?"

Baba mdogo akatafuta jibu. Nilimwona anavyolitafuta, anafungua na kufunga kifungo cha koti. "Sijui vinakula nini, sijui vinazaaje," alisema. "Najua vinapokaa. Pakiharibika hapo havina pa kwenda. Na mimi pia."

Watu wakacheka kidogo kwa kile cha mwisho, wakidhani ni utani wake. Mama hakucheka. Ndiye aliyegeuka kwa baba na kusema mbele ya mgeni, jambo ambalo mke wa kwetu halifanyi, "Muachie. Viazi unavyo bonde zima. Mdogo wako ana nini?" Baba akakuna shingo, akatema, akasema sawa. Mwenyewe akaenda kupigilia vigingi kuonyesha mpaka, wala bomba halikupita tena hapo. Niseme ukweli, baba alitimiza ahadi yake. Na mwaka ule vimulimuli vikaongezeka kidogo, hata mimi niliona, nikafikiri yule jirani ameokoka.

Baba mdogo akafufuka. Akaanza tena kutania. Kiangazi kilipokuwa kinaisha, Bwana Shabani akamwomba aende naye Makambako siku chache kupakia na kupakua magunia, maana kijana wake wa kazi alikuwa anaumwa. Akakubali. Alikuwa hajawahi kukubali kazi ya mtu. Alimwambia mama, "Mke wangu, angalia mahali pangu."

Kabla sijaenda huko, niwaambie kwanza yale yaliyosemwa baadaye, baba mdogo alipokwisha kupotea, ili nimalizane nayo. Mtu mmoja muuza dagaa alisema alimwona kule Manda, anavuta nyavu za watu ziwani, amekonda. Mwingine akaapa yupo Mchuchuma, amejenga kibanda anasubiri makaa ya mawe yaanze kuchimbwa apate kibarua. Baba alikwenda Manda. Akakuta mwanamume mrefu kweli, ila ni Mpangwa mwenye watoto sita. Mchuchuma hakwenda. Alisema, "Akitaka tumwone, anajua tulipo," halafu akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Hayo ndiyo yote.

Sasa mama. Mwanamke wa kwetu, heshima yake ni uwanja wake. Ukitaka kumtukana mwambie kwake kuna majani. Kaburi la mtu mnayempenda mnalipalilia, njia ya kanisani mnaifyeka, mgeni akija hata nyuma ya choo kunafagiliwa. Na wanawake wenzake walikuwa wameshaanza kumsema kisimani. Kwamba wamemtengea shemeji pori. Mashamba ya kaka yanang'aa, ya mdogo mtu yamejaa vichaka na nyoka, huo ni ubaguzi wa ndugu. Mama yalimkaa moyoni. Aliona baba mdogo anachekwa kwa sababu yake, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba aachiwe mahali na sasa mahali penyewe panatia aibu. Akawaita wanawake wa kanisa, wale wanaosaidiana kazi. Wakaja wengi, na majembe, na fyekeo, na watoto wao, na nyimbo.

Sijaona kazi yenye upendo kama ile. Walifyeka majani yote chini ya mianzi. Mashina ya zamani yaliyooza wakayang'oa. Wakakusanya yale majani ya miaka yote, tabaka kwa tabaka, mpaka udongo wenyewe ukaonekana, mweusi, unatoa mvuke juani kama sufuria. Walipokutana na konokono waliwarusha motoni pamoja na funza wadogo weusi waliokuwa wengi chini ya majani, wachafu kuwatazama, wanawake wakisema hao ndio wanaokula miche. Wakachimba kamfereji maji yasituame. Wakamwaga majivu. Chokaa iliyobaki kanisani wakapaka mawe, wakayapanga kuzunguka, na mama mwenyewe akapanda maua ya njano kwenye ukingo. Lile rundo liliwaka siku mbili, moshi mzito wa majani mabichi. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Makambako kachoma takataka za bustani, moshi ukaingia dirishani, nikajikuta nimeketi kitandani na kiatu kimoja mguuni, sijui nilikuwa nakwenda wapi. Ndiyo nimeanza kuandika haya.

"Zakaria akija atapotea," alisema mwanamke mmoja. "Atadhani amefika mbinguni."

"Mbinguni hakuna ulanzi," mama akajibu. "Atarudi." Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Alikuja alasiri ya siku ya pili, na lori la Bwana Shabani likamshusha juu barabarani. Mama alikuwa amechinja kuku. Sote tulishuka naye, wanawake mbele, watoto tunaruka, kila mmoja anataka awe wa kwanza kuuona uso wake. Tulipofika penye mawe meupe alisimama. Akaangalia mianzi, ilivyosimama uchi, mashina yake yanaonekana mpaka chini, na upande wa pili unaona moja kwa moja mpaka kwenye viazi vya baba. Akavuka mawe. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo muda. Udongo ulikuwa umeshakauka juu. Akausugua kwa kidole gumba, ukadondoka kama unga.

Mama alikuwa amekunja mikono kifuani, anatabasamu, halafu lile tabasamu likaanza kumwisha taratibu, bila yeye kujua kwa nini.

"Shemeji," alisema. Hakumwita "mume wangu wa kambo". "Shemeji, unaonaje?"

Baba mdogo akainuka. Akawaangalia wale wanawake wote, mmoja mmoja, majivu kwenye nywele zao, malengelenge mikononi. Nilidhani atalia, au atatukana, na nadhani kama angetukana tungepona.

"Pamependeza," alisema. "Ahsanteni sana. Mmejichosha."

"Twende ukale, kuku yupo."

"Tangulieni."

Hatukutangulia. Tulisimama tu. Akayapita mawe kwa upande wa pili, akaukanyaga ule mfereji mpya, akavuka gogo la kwenye kijito, akaanza kupanda mteremko wa ng'ambo kwenye miwati, taratibu, kama mtu anayekwenda kuangalia ng'ombe. Hakuchukua blanketi. Hakuchukua kisu chake cha kugemea. Mama akamwita kwa jina, mara moja, si kwa sauti kubwa. Koti la zambarau likaonekana kati ya miti, likapotea, likaonekana tena juu zaidi, dogo, kisha likavuka mgongo wa kilima.